Kuiga mwendo wa oksijeni ndani ya La2NiO4 kwa kompyuta: mwongozo wa anayeanza

Kila mwanafunzi anayeingia kwenye uigaji wa kauri huniletea maswali yaleyale. Nianze na programu gani? Mbona oksijeni yangu haisogei? Mbona atomu zote zimerukana na kutoweka? Nimeyajibu mara nyingi kwa ujumbe wa simu, kipande kipande, na najua kipande kimoja kikipotea kazi nzima inaharibika. Leo nayaweka yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kufuata kuanzia mwanzo hadi namba ya mwisho.

Tutatumia La2NiO4, oksidi ya lanthani na nikeli. Sababu ni kwamba matabaka yake yanaonekana wazi, na imepimwa sana maabara kwa kuwa inafaa kwenye elektrodi ya upande wa hewa katika seli za mafuta za oksidi ngumu (vifaa vya kuzalisha umeme kutoka kwa mafuta na hewa). Kwa hiyo ukipata namba yako utakuwa na cha kulinganisha nacho. Ukiiweza hii, Pr2NiO4 (yenye praseodimi badala ya lanthani) inafuata njia hiyohiyo.

Nadharia ya kutosha kuanzia

Chukua tabaka la nikeli na oksijeni lenye muundo wa peroviskaiti, kisha juu yake weka matabaka mawili ya lanthani na oksijeni yaliyopangika kama fuwele ya chumvi, kisha peroviskaiti tena, na kuendelea. Katika matabaka yale ya lanthani kuna mianya mitupu, na kauri hii hupenda kujaza baadhi yake kwa oksijeni ya ziada. Kiasi cha ziada kwa kila nikeli moja tunakiandika δ, ndiyo maana utakuta watu wanaandika La2NiO4+δ.

Kuna oksijeni za aina tatu, na utazihitaji hadi mwisho wa kazi. Oksijeni za bapa ziko kwenye tabaka la nikeli lenyewe. Oksijeni za kilele ziko juu na chini ya kila nikeli, zikichungulia kwenye tabaka la lanthani. Oksijeni za ziada ziko kwenye mianya. Ya ziada haitembei peke yake. Humsukuma jirani wa kilele, inakaa mahali pake, na yule aliyesukumwa ndiye anayeingia kwenye mwanya unaofuata. Ni kama ndani ya daladala iliyojaa: anayepanda mlangoni hafiki mbele yeye mwenyewe, anambana aliyesimama, na huyo ndiye anayesogea.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yenye viini 4 au zaidi na RAM ya GB 8. Ubuntu ni rahisi zaidi. Kwenye Windows tumia WSL, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows.
- LAMMPS, programu ya bure ya kuiga mwendo wa atomu, iliyoanzia Sandia National Laboratories, Marekani.
- Python pamoja na numpy na matplotlib.
- OVITO, toleo la bure, kwa ajili ya kutazama atomu zikitembea.
- Seti moja kamili ya vigezo vya Buckingham (namba za kanuni inayoeleza jinsi atomu zinavyosukumana na kuvutana) kwa jozi za La–O, Ni–O na O–O, kutoka makala moja iliyochapishwa. Nasisitiza moja. Vigezo hivi hutengenezwa pamoja ili vifanye kazi pamoja. Ukichukua La–O huku na O–O kule, fuwele itasimama lakini itakudanganya.

Hatua kwa hatua

1. Weka LAMMPS na uhakikishe iko sawa.

```
sudo apt install lammps
lmp -h
```

Amri ya pili inatoa orodha ndefu. Tafuta neno KSPACE kwenye orodha hiyo. Lisipokuwepo usiendelee, maana bila hilo huwezi kuhesabu kani za chaji za mbali, na oksidi bila kani hizo si oksidi.

2. Jenga fuwele. Seli kizio ya La2NiO4, yaani kipande kidogo kinachojirudia, ina umbo la mstatili: upande a ni karibu angstromu 3.87 (angstromu moja ni sehemu ya bilioni kumi ya mita) na urefu c ni karibu 12.65, na ndani yake mna atomu 14. Kwenye Python, msingi wake ni huu (1 ni lanthani, 2 nikeli, 3 oksijeni ya bapa, 4 oksijeni ya kilele):

```
msingi = [(1,0,0,.361),(1,0,0,.639),(1,.5,.5,.861),(1,.5,.5,.139),
          (2,0,0,0),(2,.5,.5,.5),
          (3,0,.5,0),(3,.5,0,0),(3,.5,0,.5),(3,0,.5,.5),
          (4,0,0,.175),(4,0,0,.825),(4,.5,.5,.675),(4,.5,.5,.325)]
mianya = [(0,.5,.25),(.5,0,.25),(.5,0,.75),(0,.5,.75)]
```

Rudia seli hii mara 10 kwa x, mara 10 kwa y na mara 4 kwa z. Unapata atomu 5,600 kwenye boksi la karibu angstromu 39 × 39 × 51. Wengi huanza na boksi dogo la 4 × 4 × 1 ili liende haraka. Usifanye hivyo. Urefu wa z ungekuwa angstromu 12.65 tu, na kani tutazikata kwenye 10. Urefu huo hauf iki mara mbili ya 10, kwa hiyo atomu ingemhisi jirani yuleyule kutoka pande mbili.

3. Ongeza oksijeni za ziada. Boksi letu lina mianya 1,600. Kwa δ ya 0.15 unahitaji kujaza 120 kati yake. Ichague kwa bahati nasibu, lakini kataa mwanya wowote ulio chini ya angstromu 4 kutoka kwenye mwanya uliokwisha kujazwa, kwa sababu mianya miwili jirani iko angstromu 2.74 tu kutoka mmoja hadi mwingine. Zipe oksijeni hizi aina ya 5 hata kama tabia yake ni ileile ya aina ya 3 na ya 4. Ukizipa zote namba moja leo, kesho hutaweza kujua nani alimsukuma nani.

4. Sawazisha chaji. Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua kwamba wamekwama. Lanthani ni +3, oksijeni ni −2, na ukiongeza oksijeni 120 umeongeza chaji hasi ya 240. Nikeli ndiyo inayolipa deni hilo. Zipe nikeli zote chaji moja ya wastani, 2 + 2δ, yaani 2.30. Hesabu kwa mkono: lanthani 1,600 × 3 ni 4,800, nikeli 800 × 2.30 ni 1,840, jumla 6,640. Oksijeni 3,320 × 2 ni 6,640. Zimekutana.

Ukikosea, LAMMPS haitasimama. Itaandika onyo la mstari mmoja kwamba mfumo hauko sawa kichaji, kisha itaendelea na kazi hadi mwisho. Mimi niliwahi kulipita onyo hilo nikaacha kompyuta ifanye kazi usiku tatu mfululizo, na matokeo yote nikayafuta. Soma mistari ya mwanzo ya kila zoezi, yaani kila unapoendesha uigaji, kila mara.

Andika faili la data, lno.data, kwa mtindo wa `charge`: namba ya atomu, aina, chaji, x, y, z. Tungamo ni 138.91 kwa lanthani, 58.69 kwa nikeli na 16.00 kwa oksijeni za aina zote tatu.

5. Andika kani kwenye faili la maagizo la LAMMPS.

```
units metal
atom_style charge
boundary p p p
read_data lno.data
group oksijeni type 3 4 5
group lanthani type 1
group nikeli type 2
pair_style buck/coul/long 10.0
pair_coeff * * 0.0 1.0 0.0
pair_coeff 1 3*5 A ρ C
pair_coeff 2 3*5 A ρ C
pair_coeff 3*5 3*5 A ρ C
kspace_style pppm 1.0e-5
timestep 0.001
```

Weka namba za makala yako mahali pa A, ρ na C. Mstari wa nyota mbili utangulie, maana unaweka sifuri kwa jozi zote. Ukiuweka mwisho utafuta kila ulichoandika juu yake. Na ρ yake isiwe 0.0, LAMMPS itaikataa.

Sasa onyo ambalo ningependa kila anayeanza alijue kabla hajaona atomu zikilipuka. Kanuni ya Buckingham ina sehemu mbili: msukumo wa A, na mvutano wa C unaogawanywa kwa umbali kipeo cha sita. Chukua vigezo vya O–O vinavyotumika sana, A ya 22,764 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati), ρ ya 0.149 na C ya karibu 27.9. Atomu mbili zikiwa angstromu 0.5 kutoka moja hadi nyingine, msukumo ni karibu 794 eV. Mvutano ni karibu 1,785. Chaji zenyewe zinasukumana kwa 115 tu. Kwa hiyo oksijeni mbili zilizokaribiana mno haziachani, zinaangukiana moja kwa moja, na nishati inateremka bila sakafu. Kwenye mwendo wa kawaida hazifikii umbali huo. Zinafikia pale tu ulipozipanga vibaya au ulipozipasha joto ghafla. Hatua mbili zinazofuata zipo kwa ajili ya kuzuia hilo.

6. Zitulize atomu kwanza. Oksijeni uliyoiweka katikati ya mwanya imezungukwa na lanthani nne na oksijeni nne za kilele. Oksijeni hizo nne ziko angstromu 2.16 kutoka kwake, wakati oksijeni mbili kwenye oksidi kwa kawaida hukaa karibu 2.8. Zimebanana na zinataka kusogea.

```
minimize 1.0e-6 1.0e-8 2000 20000
```

Baadaye fungua matokeo kwenye OVITO. Unapaswa kuona vilele vinne vinavyouzunguka kila mwanya uliojazwa vimejiinamia kumpisha mgeni. Kama havijasogea hata kidogo, rudi hatua ya 5, kuna jozi ya kani uliyoisahau.

7. Pasha joto na uache boksi litanuke.

```
velocity all create 1200 48271 mom yes dist gaussian
fix joto all npt temp 1200 1200 0.1 aniso 0 0 1.0
thermo_style custom step temp press lx ly lz pe
thermo 1000
restart 50000 akiba.a akiba.b
run 100000
unfix joto
```

Hii ni pikosekunde 100, kwa kuwa kila hatua ni pikosekunde 0.001 (pikosekunde 1,000 ni nanosekunde moja). Tumia `aniso`, si `iso`: matabaka hutanuka tofauti kuelekea z na kuelekea x. Chukua wastani wa lx, ly na lz kwa nusu ya pili ya zoezi, kisha weka boksi kwenye vipimo hivyo kwa `change_box` ukitumia `remap`. Gawa lx kwa 10 na lz kwa 4, ulinganishe na vipimo vya maabara. Ikipotoka zaidi ya asilimia 2 au 3, tatizo liko kwenye vigezo na halitajiponya.

Mstari wa `restart` usiufute. Unaandika mafaili mawili kwa zamu kila pikosekunde 50, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika moja, la pili liwe salama. Kwa wengi wetu umeme kukatika si jambo la nadra, na nanosekunde kumi zilizopotea haziumi kidogo.

8. Pima.

```
fix joto all nvt temp 1200 1200 0.1
run 50000
compute oks oksijeni msd com yes
compute lan lanthani msd com yes
compute nik nikeli msd com yes
thermo_style custom step temp c_oks[1] c_oks[2] c_oks[3] c_lan[4] c_nik[4]
dump picha all custom 1000 njia.lammpstrj id type xu yu zu
run 5000000
```

Amri ya `compute ... msd` inapima wastani wa mraba wa umbali ambao kila atomu imesogea tangu amri ilipoandikwa. Ndiyo sababu inakuja baada ya kutulia kwa pikosekunde 50, si mwanzoni mwa faili. Ukilazimika kuendelea kutoka kwenye faili la akiba, tumia majina yaleyale ya `oks`, `lan` na `nik`. Ukibadilisha jina, kipimo kinaanza upya kutoka sifuri. Kwenye `dump` tumia xu, yu, zu. Ukitumia x, y, z za kawaida, atomu inayovuka ukuta wa boksi itaonekana imerudi upande wa pili, na umbali wake utakuwa uongo.

Kabla ya kuanzisha nanosekunde 5, endesha hatua 1,000 uone zimechukua sekunde ngapi, kisha zidisha kwa 5,000. Faili la njia litakula karibu MB 200 kwa kila nanosekunde.

9. Tazama kabla ya kuhesabu. Najua unataka kurukia grafu. Tafadhali usiruke hatua hii. Fungua njia.lammpstrj kwenye OVITO, ficha lanthani na nikeli, zipe aina za 3, 4 na 5 rangi tatu tofauti. Chagua oksijeni moja ya ziada na uifuate picha kwa picha. Kwa muda mrefu itatetemeka tu mahali pake. Kisha jirani mmoja wa kilele atainama kuliko kawaida, ya ziada itateleza kuingia kwenye kilele, na yule jirani atakuwa tayari yuko kwenye mwanya wa pili. Mambo mawili yametokea kwa mkupuo mmoja, na rangi zimebadilishana mahali.

Wakati huohuo oksijeni za bapa, aina ya 3, ziko palepale zinatetemeka. Na karibu kila hatua imetokea ndani ya tabaka. Kuvuka tabaka la nikeli kwenda juu hutaona, au utaona mara chache mno. Ukiyaona haya matatu, namba yako ina maana. Usipoyaona, mstari wako unaweza kunyooka kama rula na bado ukawa unapima kitu kingine kabisa.

10. Hesabu kasi ya kusambaa, tunayoiandika D. Chora c_oks[1] + c_oks[2] dhidi ya muda. Mwanzo wa grafu hupanda ghafla kwa sababu ya mtetemo; sehemu hiyo iache. Pima mteremko wa sehemu iliyonyooka, gawa kwa 4, na hiyo ndiyo D ya ndani ya tabaka. Kwa z peke yake, gawa mteremko wa c_oks[3] kwa 2.

Tuseme mteremko ni angstromu mraba 0.004 kwa pikosekunde. D ni 0.001 kwa vipimo hivyo. Angstromu mraba moja kwa pikosekunde ni sentimita mraba 10⁻⁴ kwa sekunde, kwa hiyo D yako ni 10⁻⁷ cm²/s. Kwenye halijoto ya karibu 1000 K, vipimo vya La2NiO4 vya maabara na vya uigaji hukaa katika kiwango cha 10⁻⁸ hadi 10⁻⁷. Ukipata 10⁻⁴ umepima kimiminika.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuchukua jumla ya pande tatu na kugawa kwa 6, kama vitabu vinavyoelekeza kwa vitu vinavyosambaa sawa pande zote. Hapa z karibu haichangii chochote, kwa hiyo unapunguza D ya tabaka hadi theluthi mbili yake. La pili ni kupima aina ya 5 peke yake. Atomu hizo huanza kwenye mianya, lakini baada ya kusukumana zimekwisha kuwa vilele, na mteremko wao unapungua kadiri muda unavyokwenda. Pima oksijeni zote pamoja.

11. Rudia kwa halijoto nyingine. Fanya 1000, 1100, 1200, 1350 na 1500 K, kila moja kuanzia hatua ya 7. Chora logi asilia ya D dhidi ya 1/T. Mteremko ukiuzidisha kwa −8.617 × 10⁻⁵ unapata kwa eV nishati ambayo oksijeni inaihitaji kuvuka kizuizi. Kwa La2NiO4, uigaji uliochapishwa huipata karibu na 0.5 eV. Ikiwa ni 0.55, D ya 1500 K inapaswa kuwa takriban mara 8 ya ile ya 1000 K. Hesabu hii ya haraka huniokoa mara nyingi kabla sijachora chochote. Kumbuka pia kwamba kauri halisi ikipashwa hadi 1500 K hupoteza oksijeni zake za ziada hewani. Boksi letu halina hewa, δ inabaki 0.15 hadi mwisho, na hilo uliseme kwenye ripoti yako.

Mambo yakienda kombo

*Ujumbe wa "Lost atoms" au "Out of range atoms".* Mara nyingi ni oksijeni mbili zilizoangukiana. Angalia kama mianya miwili jirani imejazwa, kama ulituliza kabla ya kupasha, na kama `pair_coeff` ya 3*5 3*5 ipo. Vyote vikiwa sawa, pasha kuanzia 300 K na upande polepole kwa pikosekunde 50.

*Oksijeni haisogei kabisa.* Hesabu atomu za aina ya 5 kwenye faili la data. Nimeshaona mafaili ambayo hazikuwemo. Kama zipo na halijoto ni 1000 K, huenda ni muda tu. Kwa D ya 10⁻⁸ cm²/s, nanosekunde nzima inaongeza angstromu mraba 0.4, na mtetemo peke yake unaweza kufikia kiasi hicho. Endesha nanosekunde 10 au zaidi, au anza na 1500 K ujiridhishe kwamba kila kitu kinafanya kazi.

*Mstari wa lanthani au nikeli unapanda.* Kwenye fuwele nzima mistari hii inatakiwa kulala bapa baada ya mtetemo wa mwanzo. Ikipanda, fuwele imeyeyuka au imevurugika. Usitumie namba ya oksijeni kutoka zoezi hilo hata kama inapendeza.

*Oksijeni inakwenda z sawa na x.* Fungua OVITO. Karibu kila mara utakuta matabaka hayapo tena, au mhimili wa c umeuweka kwenye x wakati wa kujenga.

*Mstari wa x na wa y vinatofautiana sana.* Miruko iliyotokea ni michache. Rudia zoezi lilelile mara tatu kwa kubadilisha namba 48271 na namba ya bahati nasibu ya mianya, kisha chukua wastani. Tofauti kati ya mazoezi hayo matatu ndiyo kosa lako la kipimo, liandike.

*Nukta za halijoto ya chini zinaachana na mstari kwenye grafu ya logi.* Kabla ya kudai umegundua mfumo mpya wa mwendo, rudi kwenye njia.lammpstrj ya 1000 K na uhesabu kwa macho mikupuo iliyokamilika ndani ya nanosekunde moja. Ikiwa ni michache kiasi kwamba unaweza kuihesabu bila kupoteza hesabu, nukta hiyo haijaiva, iongezee muda.